Watoto Wakimbie Wapi?

Hoja ni ya polisi na wezi, mchezo unaochezwa baina ya Alasiri na Magharibi katika vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa, watoto wakishatoka shule na chuo cha Kurani. Wapo wanaotaka uhamishiwe uwanjani, uwekewe mwalimu, kipenga na sheria zilizoandikwa. Wapo wanaotaka ukomeshwe njiani kabla mtoto hajaingia chini ya tuktuk. Na wapo wanaosema uachwe ulivyo. Nimewaketisha wanenaji barazani, kila mmoja kwa cheo chake na si kwa jina, kwa sababu maneno haya ni ya watu wengi na kila mtaa una wasemaji wake. Mimi nami nina upande wangu, na sitauficha.

Kwa msomaji wa mbali, mchezo huenda hivi. Watoto hugawanyika makundi mawili, manahodha wakichagua watu kwa zamu. Polisi huelekeza nyuso ukutani wakahesabu, wezi wakatawanyika. Kisha ni mbio na chenga. Mwizi akiguswa amekamatwa, ingawa wengine hushikilia kuwa kugusa hakutoshi, lazima ashikwe mpaka ihesabiwe tatu. Hupelekwa jela, na jela ni baraza fulani, nguzo ya umeme au mlango wa nyumba isiyokaliwa. Polisi mmoja au wawili hubaki kulinda. Hapo ndipo utamu unapoanza: mwizi aliye huru anaweza kurudi, akapenya, akamgusa mfungwa, na waliofungwa wakatoka mbio upya. Zanzibar na Dar es Salaam wanaye ndugu yake, kombolela, ambapo mkombozi hupiga teke mkebe au mpira na walionaswa wote wakawa huru. Kufukuzana na kugusana kuko kila nchi. Hapa kumeongezwa mateka na mkombozi.

Dereva wa tuktuk alitaka kusema mwanzo.

Dereva: Nitangulie mimi, kwa kuwa mimi ndiye ninayelaumiwa kila siku. Huku Kibokoni kuna kona huoni mbele hata hatua nne. Ukuta huku, ukuta kule, baraza zimechomoza, mkokoteni wa maji umeegeshwa. Naingia pole pole, napiga honi. Mtoto anachomoka mlangoni mbio, uso kaugeuza nyuma, maana anayemwogopa yuko nyuma. Mimi niliye mbele hanijui. Nishike breki mara ngapi? Iko siku haitashika. Na siku hiyo mtaa mzima utanivamia, hakuna atakayeuliza mtoto alikuwa akifanya nini katikati ya njia.

Bi Mkubwa: Katikati ya ndia ya nani, mwanangu? Ndia hizi zilifanywa kwa miguu ya watu, na punda, na mahamali na mizigo yao kutoka bandarini. Wewe ndiwe uliyeingia na chombo kisichoenea. Sisi tukiteza papa hapa. Tukikimbia kutoka Mlango wa Papa hata msikiti wa Mandhry, na wazee walioketi barazani wakijua huyu ni wa fulani na yule ni wa fulani. Ukimpiga mtu mzima kumbo, habari ishafika nyumbani kabla wewe hujafika.

Dereva: Heshima yako naiweka mbele, Bi Mkubwa. Lakini mama wa mtaa wa Kuze akishikwa na uchungu saa nane za usiku anamwita nani? Mgonjwa abebwe mgongoni? Mji huu una wazee wasioweza tena kufika barabara kubwa kwa miguu. Hao nawachukua mimi.

Hapa namuunga mkono dereva. Kila anayeutetea mchezo kwa kumwona yeye kama mvamizi anasahau kwamba jioni ile ile bibi yake ataletwa kutoka hospitali na tuktuk hiyo hiyo. Lakini aliyoyasema yanahusu usiku na mgonjwa, na mchezo huchukua muda wa saa mbili tu jioni. Nitarudi kwenye saa hizo. Kwanza tumsikilize mama mmoja, kwa sababu aliyoyaleta ni mazito kuliko ya tuktuk.

Mama: Mimi nahofia vishindo. Zamani ukisikia miguu ya watoto kichochoroni ulijua wanacheza. Sasa ukisikia miguu mingi inakuja mbio, unamvuta mwanao ndani na kukomea mlango, huenda ni wale vijana wa mapanga. Tumewaona hapa kisiwani na huko Kisauni. Wengine hata ndevu hawajaota. Wanaingia kwa kundi, wananyang'anya simu, wanakata watu. Sasa wanangu wakikimbia kumi kwa pamoja na giza linaanza kuingia, jirani mwenye hofu atawaonaje? Na askari wa doria mwenye bunduki atawaonaje? Halafu jina lenyewe! Mtoto wa watu afurahie kuitwa mwizi?

Binti: Mama, hakuna anayeiba kitu. Sote tunataka kuwa wezi kwa sababu wezi ndio wanaokomboana. Polisi hana wa kumkomboa. Yeye ni kukimbiza na kulinda tu.

Nimeyageuza maneno haya ya mtoto mara nyingi, na kila nikiyageuza nayaona yana nguvu kuliko yetu sote watu wazima. Michezo mingi ya kukimbizana humtuza anayesalia mwisho. Wote wamenaswa, mmoja kabaki, huyo ndiye bingwa. Polisi na wezi humwendea kinyume bingwa huyo. Aliyebaki peke yake akijikunyata nyuma ya mapipa hana faida kwa wenzake, nao watamzoza kesho yake. Anatakiwa atoke, auache usalama wake, alikimbilie lile baraza linalolindwa, na pengine akamatwe yeye hatua mbili kabla ya kufika. Mtoto wa miaka tisa huamua jambo hili mwenyewe, moyo ukimwenda mbio, bila mtu mzima kumwambia. Sijaona somo la darasani linalomfikisha hapo.

Kuhusu jina, simwambii mama huyu kwamba hofu yake ni bure. Mombasa ina jeraha baina ya vijana na askari. Mashirika ya haki za binadamu ya hapa kwetu kama MUHURI na HAKI Africa yamekuwa yakisimama na familia ambazo vijana wao wamepotea au wameuawa. Jela ya mchezo nayo haikuja kutoka mbali. Fort Jesus, ngome ambayo watalii huilipia kuingia, ilikuwa gereza la serikali ya kikoloni tangu 1895 hadi 1958, zaidi ya miaka 60, na ndiyo iliyokaa mlangoni mwa mtaa huu. Watoto wa vizazi kadhaa walicheza jela chini ya jela. Mtoto huchukua kilicho kikubwa na cha kutisha mbele ya macho yake akakifanya kidogo, akakitia katika sheria anazozielewa, mlango wake ukawa unafunguka kwa kiganja cha rafiki. Ukilifuta jina, hofu itabaki pale pale, na mchezo utakuwa umepoteza mahali pa kuiweka. Wakitaka kuyaita makundi kwa majina mengine, na wayaite. Mtaa kwa mtaa hutosha. Lakini wachague wao.

Mama: Sawa, wachague. Hujanijibu la giza.

Kweli sijalijibu, na jibu lake litakuja na saa. Mwalimu wa michezo alikuwa ameshanyanyua mkono.

Mwalimu: Nyote mnazunguka jibu lililo wazi. Tuutoe vichochoroni. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate angalau wastani wa dakika 60 za mwendo wa nguvu ya kati hadi kubwa kila siku. Watoto wetu wanatoka darasani wanaingia chuoni, wakitoka chuoni wanaishika simu. Polisi na wezi ingewapa dakika hizo bila gharama, hata mpira hauhitajiki. Lakini iwe uwanja wa Makadara, penye nafasi. Tutie mistari, timu za watu saba, kipindi cha dakika kumi, mwamuzi na kipenga. Mnajua Wahindi walivyofanya? Wana kho kho, mchezo wao wa kale wa kukimbizana. Kundi moja huchuchumaa kwa safu, huyu ameelekea huku, mwenzake kule, mmoja akifukuza, akichoka humgusa mwenzake mgongoni na huyo akainuka kuendeleza mbio. Mwaka 1914 watu wa Pune waliuandikia sheria. Januari 2025 ukachezewa Kombe la Dunia New Delhi, na Kenya ilipeleka timu. Kenya! Tunasafiri mpaka India kwa mchezo wa watu wengine, na wa kwetu tumeuacha ugongwe na tuktuk.

Bi Mkubwa: Na huko uwanjani, mwalimu, watajificha wapi?

Mwalimu: Hakutakuwa na kujificha, bibi. Kutakuwa na mbio na chenga.

Bi Mkubwa: Basi ushautoa moyo wake. Utakuwa mtezo mwingine. Mzuri pengine, lakini mwingine.

Binti: Na uwanjani wenye mbio ndio watakaoshinda kila siku. Huku kwetu mimi si wa mbio, lakini najua kichochoro kipi kinatokea wapi, na ukumbi upi una mlango wa nyuma, na bibi yupi hatanifukuza nikipita kwake. Wavulana wakubwa wananifukuza mpaka wanachoka.

Mwalimu: Utajifunza mbio.

Binti: Makadara sitaruhusiwa kwenda.

Hapa baraza lilinyamaza, na lilistahili kunyamaza. Mwalimu ana nia njema, na hesabu yake ya dakika 60 ni ya kweli. Lakini kuuhamisha mchezo ni kuchagua watakaoucheza. Huku kichochoroni msichana wa miaka kumi na mmoja anakimbia akiwa bado yumo nyumbani, kwa maana ile ambayo Mji wa Kale umekuwa ukiijua siku zote: yuko baina ya mlango wa mama na dirisha la shangazi, barazani kuna ami anayekunywa kahawa, na kina mama walio nyuma ya madirisha ya mbao wanamwona hata asipowaona. Mpeleke Makadara, na yote hayo yanamvuka. Huko kuna wanaume wasiomjua, na mpira wa miguu ukianza wasichana huambiwa wapishe. Mama mwenye kujali heshima ya bintiye atasema baki nyumbani, nami sitamlaumu. Baada ya mwaka mmoja ligi ya mwalimu itakuwa ya wavulana wa kuanzia miaka kumi na mbili, wenye mbio. Wadogo wa miaka sita, ambao vichochoroni huingizwa kama ziada, wakikamatwa hawahesabiwi, hawatakuwa na mahali.

Wengine hutaja bustani ya Mama Ngina, iliyofunguliwa upya 2019, kuwa ndiyo nafasi ya watoto wa kisiwa kukimbia. Ni mahali pazuri pa Jumapili, familia nzima, na mihogo ya kukaanga. Lakini mchezo wa kila siku hauwezi kukaa mahali ambapo mtoto wa Kuze hufikishwa kwa nauli na ruhusa.

Mhifadhi wa majumba naye alisema yake kwa ufupi, kwamba watoto hupiga mateke milango ya nakshi na kuchubua lipu za kuta katika mtaa ambao ni eneo la hifadhi tangu 1990. Nami namjibu kwa ufupi. Kuta hizi za matumbawe na boriti za mikoko zimestahimili chumvi na mvua za masika. Kona zinazovunjika huvunjwa na vyombo vya moto. Kenya iliridhia mwaka 2007 mkataba wa UNESCO wa kulinda urithi usioshikika, nayo michezo ni sehemu ya urithi huo. Ukilinda mlango wa nakshi na kumfukuza mtoto anayeupita mbio, umelinda nusu.

Mwalimu: Nakubali la wasichana. Sikulifikiria vya kutosha. Lakini wewe mwandishi umebomoa, hujajenga. Tuktuk bado iko kwenye kona. Mama bado ana hofu yake. Unapendekeza nini?

Napendekeza mtaa uwape watoto saa, na katika saa hizo njia iwe yao. Hili si jambo geni. Mwaka 1914 polisi wa New York wenyewe walianza kufunga mitaa fulani kwa magari ili watoto wacheze, kwa sababu watoto walikuwa wakigongwa. Uingereza ikapitisha sheria mwaka 1938 iliyoziruhusu halmashauri kuifanya mitaa iwe viwanja vya watoto kwa saa maalumu. Karibu na kwetu, Kigali tangu 2016 hufunga barabara zake kubwa kwa magari baadhi ya Jumapili, watu wakatembea na kukimbia katikati ya lami. Kama barabara za mji mkuu hufungika, vichochoro vya Kibokoni vitashindwaje? Lamu hapo juu mji wa kale hauna magari, na hakuna anayesema Lamu haiendi. Kenya iliridhia mwaka 1990 Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao kifungu chake cha 31 kinaitambua haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza. Haki hiyo inataka mahali na wakati. Bila hivyo viwili ni karatasi.

Wakati wenyewe tayari tunao. Mombasa iko digrii nne tu kusini mwa ikweta, hivyo jua letu haliruki huku na huko kama la Ulaya. Magharibi husogea dakika chache tu kutoka mwezi hadi mwezi. Ukisema saa kumi na nusu mpaka adhana ya Magharibi, umesema ratiba itakayofaa Januari na Julai. Na hilo ndilo jibu la mama. Adhana ndiyo kipenga. Mchezo ukome hapo, mtoto arudi, anawe miguu, aingie ndani, na baada ya hapo mwenye kusikia miguu mingi mbio ajue kuwa si watoto wetu. Mkiufukuza mchezo jioni, njia hazitabaki na amani. Zitabaki tupu, na njia tupu ndizo zinazompendeza mwenye panga. Kichochoro chenye watoto ishirini, wazee barazani na madirisha wazi ni kigumu kukivamia.

Mama: Maneno yako ni mazuri, lakini barazani kwangu hakuna mzee tena. Mmoja amefariki, mwingine amehamia Nyali kwa mwanawe. Nyumba mbili zimepangishwa watu nisiowajua. Madirisha wazi ya nani?

Hili linauma, na ni kweli. Ulinzi ninaousifu ulikuwa ni watu, na watu wamepungua. Kwa hiyo kufunga njia pekee hakutoshi. Lazima mtu mzima akae nje, kwa zamu, nyumba kwa nyumba, saa mbili hizo. Asiwe mwamuzi. Asiwafundishe. Akae tu na kikombe chake cha kahawa, awajue watoto kwa majina, na wapangaji wageni nao waombwe zamu yao. Mpangaji aliyekaa barazani jioni mbili tatu akiulizwa na watoto kama mfungwa ametoroka kwa haki au kwa hila, keshakuwa mwenyeji.

Bi Mkubwa: Mimi nitakaa. Kiti changu cha plastiki nitakiweka katikati ya ndia. Atakayetaka kupita na aniondoe.

Dereva: Bi Mkubwa, hakuna wa kukuondoa wewe. Lakini tuandikiane. Mgonjwa apite wakati wowote. Mwenye mtungi wa gesi apite. Ijumaa jioni kuna harusi, siwezi kuwaambia maharusi wateremke mbali na mlango. Na vijana wa bodaboda lazima wafuate, isiwe mimi nimezuiwa na wao wanapenya, maana bodaboda ndiyo inayokuja kasi.

Mwalimu: Na mimi naomba Jumamosi moja kwa mwezi Makadara, mtaa kwa mtaa, wasichana na wavulana, mama zao waje wakae pembeni. Sheria waandike watoto wenyewe.

Mama: Tukija sote, wangu watakuja.

Dereva: Mimi natoa vichochoro vyote vya ndani. Ndia Kuu siitoi. Wageni wanashuka pale, wanakwenda Fort Jesus, ndiyo riziki yangu.

Binti: Ndia Kuu hatuitaki, ami. Ni pana mno, mtu anaonekana kutoka mbali.

Dereva: Basi nendeni mkaongee na watu wa mikokoteni ya maji. Mimi nimeridhia.